Kanuni Mpya Katika Ofisi ya Wakili

   Leo tutazungumza juu ya ofisi za mawakili, na jinsi zinavyojiandaa wakati kanuni za kazi yao zinapobadilishwa.

Huenda utasema, "Jambo hili lanihusu nini? Mimi si wakili." Lakini fikiri kidogo. Siku moja utauza shamba, au utanunua nyumba, au ndugu yako atafariki na kuacha mali ya kugawanywa. Siku hiyo utaingia katika ofisi ya wakili. Utampa hati zako na siri zako. Mara nyingi utampa na fedha, pengine akiba ya miaka mingi. Wewe hutakuwapo wakati karani anapoziandika fedha hizo daftarini. Hutaona zinapopelekwa benki. Yakulindayo ni mambo mawili tu: uaminifu wa watu wa ofisi ile, na kanuni wanazozifuata. Basi kanuni zikibadilika, nawe wahusika.

Mfano wetu wa leo tutautoa Uingereza na Wales. Tuna sababu mbili. Ya kwanza, mtindo wa kazi ya mawakili katika Kenya, Uganda na Tanzania ulifuata sana mtindo wa Kiingereza. Ya pili, katika nchi hiyo kanuni za mwenendo wa mawakili zilibadilishwa mara tatu kwa muda wa miaka kumi na miwili tu: mwaka 2007, mwaka 2011 na mwaka 2019. Kwa hiyo tunayo mengi ya kujifunza huko.

NAHODHA NA REFA

Huko Uingereza wakili wa ofisini huitwa solisita. Yeye ndiye aandikaye mikataba na wasia, na ndiye ashughulikaye na ununuzi wa nyumba. Tangu mwaka 1825 mawakili hao wana chama chao. Kwa muda mrefu chama hicho kilifanya kazi mbili pamoja. Kilitetea maslahi ya mawakili, na papo hapo kiliwasimamia na kupokea malalamiko ya watu juu yao.

Je, nahodha wa timu ya mpira aweza kuwa refa wa mchezo huo huo? Hata akiwa mwaminifu namna gani, watazamaji hawataridhika. Ndivyo ilivyokuwa kwa chama kile. Wateja walinung'unika kwamba malalamiko yao yalichelewa na hayakusikilizwa vizuri. Serikali ilimwomba Sir David Clementi alichunguze jambo hilo, naye alitoa taarifa yake Desemba 2004. Alishauri kwamba kazi ya kutetea na kazi ya kusimamia zitenganishwe.

Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria mpya juu ya huduma za kisheria. Mwaka huo huo kazi ya usimamizi ilianza kufanywa na chombo cha peke yake, kijulikanacho kwa herufi tatu, SRA. Sisi hapa tutakiita Mamlaka. Tena, tangu Oktoba 2010 kumekuwako ofisi nyingine ya kusuluhisha malalamiko ya wateja. Mteja hulalamika kwanza kwa wakili wake. Asipopata jibu la kumridhisha kwa muda wa wiki nane, aweza kwenda huko.

SWALI JIPYA

Sasa tutazame kanuni zenyewe. Kanuni za mwaka 2007 zilikuwa 25, na kila moja ilikuwa na vifungu vingi ndani yake. Wakili akiwa na shaka alifungua kitabu, akatafuta kifungu, akakifuata. Akiisha kukifuata, alijiona salama.

Kisha, tarehe 6 Oktoba 2011, zilianza kanuni za namna nyingine. Mamlaka iliweka misingi kumi, na chini yake ikaeleza matokeo ambayo mteja hana budi kuyapata. Hapo swali likabadilika. Zamani wakili aliulizwa, "Je, umekifuata kifungu?" Sasa aliulizwa, "Je, mteja wako ametendewa haki? Na wewe wajuaje?"

Maswali haya mawili hayafanani hata kidogo. Tuchukue mfano wa barua ya gharama. Wakili ampelekea mjane mmoja barua ya kurasa kumi, imejaa maneno ya kisheria. Kwa swali la kwanza, kazi imekwisha: barua imeandikwa, imepelekwa, na nakala iko katika faili. Lakini kwa swali la pili kazi bado. Yule mjane ameielewa barua ile? Anajua atalipa kiasi gani, na ni wakati gani? Anajua kwamba ana njia nyingine ya kufuata? Ikiwa hajui, barua ile haikumfaa kitu.

Nyinyi mnaojifunza kusoma mwalifahamu jambo hili kuliko watu wengi. Mmekwisha kupewa karatasi mara ngapi, mkaambiwa, "Tia sahihi hapa," bila kuelezwa kilichomo?

Mabadiliko ya tatu yalianza tarehe 25 Novemba 2019. Kitabu cha kanuni, ambacho kilikuwa kimefika mamia ya kurasa, kilipunguzwa sana. Misingi sasa ni saba. Wakili adumishe utawala wa sheria na utoaji wa haki. Alinde imani ya watu kwa kazi yake. Afanye kazi kwa uhuru, bila kuvutwa na mtu. Awe mkweli. Awe na uadilifu. Asibague watu, bali ahimize usawa. Na afanye lililo bora kwa kila mteja. Zaidi ya misingi hiyo, kuna kanuni za namna mbili: moja ya kila wakili peke yake, na moja ya ofisi nzima.

Mtu akisikia kwamba kitabu kimepungua, atadhani kwamba na kazi imepungua. Sivyo. Maneno yakipungua, busara hutakiwa zaidi. Wakili hawezi tena kujificha nyuma ya kifungu.

OFISI NDOGO YAJIANDAA

Kanuni za mwaka 2019 zilikubaliwa tangu mwaka 2018. Ofisi zilipata muda wa mwaka mzima hivi kujiandaa. Baadhi ya watu wangefikiri kwamba kujiandaa ni kununua kitabu kipya na kukiweka rafuni. Tuone sasa kujiandaa kwa kweli kulivyo.

Fikiri juu ya ofisi moja ndogo katika mji kama Leeds. Ina mawakili wawili wenye mali, mawakili wengine watatu, makarani wanne, mtunza hesabu mmoja, na binti apokeaye wageni. Ofisi hii itaanza wapi?

Kwanza, mawakili wakubwa wazisome kanuni wenyewe. Wasimwachie kijana mmoja azisome kwa niaba yao. Kanuni za ofisi zasema wazi kwamba wenye kuiongoza ndio wanaobeba lawama ya ofisi nzima.

Pili, waifuate kazi yao hatua kwa hatua, kama mtu afuatavyo mfereji shambani akitafuta mahali maji yanapovuja. Mteja mpya akiingia, nani humpokea? Nani huhakikisha kwamba ofisi haimtumikii adui yake katika shauri lile lile? Hili ni jambo kubwa. Wakili hawezi kumtetea mwenye nyumba na mpangaji wanaogombana. Kwa hiyo ofisi ni lazima iwe na orodha ya majina ya wateja wote, wa zamani na wa sasa, na karani aitazame kabla shauri jipya halijapokewa. Akiitazama baada ya wiki mbili, amekwisha kuchelewa, kwa maana siri zimekwisha kusemwa.

Tatu, wawape kazi wasimamizi. Mwaka 2012 kila ofisi ilitakiwa kupeleka majina ya watu wawili kwa Mamlaka: mmoja wa kusimamia kanuni za kazi, na mmoja wa kusimamia fedha. Walianza kazi tarehe 1 Januari 2013, na utaratibu huo uliendelea katika kanuni za 2019. Katika ofisi ndogo mtu mmoja aweza kuzishika kazi zote mbili. Lakini jina tu halifai kitu. Msimamizi ni lazima awe na ruhusa ya kufungua kila faili na kila daftari, hata daftari la bwana mkubwa. Akinyimwa ufunguo, si msimamizi tena; ni pambo la ofisi.

Nne, wawafundishe watu wote, si mawakili peke yao. Yule binti apokeaye wageni ndiye wa kwanza kumsikia mteja aliyekasirika. Kama hajui kwamba maneno ya mteja yule ni malalamiko, atamwambia, "Njoo kesho," na neno litapotea. Karani naye aweza kutoboa siri kwa kuongea ndani ya basi. Kanuni hukaa katika mikono na midomo ya watu hawa kila siku.

Tano, waweke daftari la makosa. Kila kosa, dogo kwa kubwa, liandikwe: limetokea lini, nani amedhurika, limerekebishwaje. Kosa likiwa zito, Mamlaka ni lazima iarifiwe bila kukawia. Wengine huogopa daftari hili, wakidhani ni la kuwaadhibu watu. Lakini wahenga walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kosa moja likiandikwa mara tatu katika miezi mitatu, ofisi imeonyeshwa ufa wake.

MALI BILA DAFTARI

Sasa tufike kwenye fedha, kwa maana hapo ndipo hatari ilipo kubwa kuliko zote.

Fedha ya mteja si fedha ya wakili. Kwa hiyo huwekwa benki katika akaunti ya wateja, mbali na fedha ya ofisi. Ofisi haina ruhusa kuitumia fedha hiyo kulipa mishahara, wala pango la nyumba, wala kuiazima hata kwa siku moja. Kanuni za 2019 zataka daftari la wateja lilinganishwe na taarifa ya benki angalau mara moja kila wiki tano.

Tufanye hesabu pamoja. Chukueni kalamu. Ofisi yetu inashika fedha za wateja watatu. Wa kwanza ana pauni 40,000 za kununulia nyumba. Wa pili ana pauni 8,000 za urithi. Wa tatu ana pauni 500 za gharama za shauri. Jumla ni ngapi? Ndiyo, ni pauni 48,500. Lakini taarifa ya benki yaonyesha pauni 48,200. Pauni 300 hazipo.

Mtunza hesabu atafute. Aona kwamba wakili mmoja alijilipa ujira wake wa pauni 300 kutoka katika fedha ya mteja wa tatu, kabla ya kumpelekea hati ya madai. Kazi aliifanya, na ujira ni haki yake. Hata hivyo kanuni yasema hati itangulie, ndipo ujira utolewe. Basi fedha ile irudishwe upesi, kosa liandikwe katika daftari, na wakili yule aelezwe.

Je, pauni 300 ni kidogo? Lakini kama ofisi hailinganishi daftari na benki, pauni 300 na pauni 30,000 hupotea kwa njia moja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Liko na jambo la fedha ndogo zilizosahauliwa. Shauri limekwisha, pauni 12 zimebaki, mteja amehama. Mwaka wapita, na wa pili. Kanuni yasema fedha irudishwe kwa mwenyewe mara sababu ya kuishika inapokwisha. Ofisi inayojiandaa vizuri hutazama hata pauni 12 hizo, na kumtafuta mwenyewe.

KARATASI PEKE YAKE HAITOSHI

Sasa nitawaambia jambo la kusikitisha. Oktoba 2023, miaka minne baada ya kanuni mpya kuanza, Mamlaka iliifunga kampuni moja kubwa ya mawakili huko Uingereza. Fedha za wateja zaidi ya pauni milioni 60 hazikuonekana. Watu wengi walikuwa katikati ya kununua nyumba, wakajikuta hawana fedha wala nyumba.

Kanuni zilikuwako, na kampuni ilikuwa na msimamizi. Lakini mwenye kampuni ndiye aliyezishika kazi zote za usimamizi. Yaani mlinzi na mwenye ufunguo walikuwa mtu mmoja. Mamlaka nayo haikusalimika. Mwaka 2024 uchunguzi wa Bodi iliyo juu yake ulionyesha kwamba haikuchukua hatua za kutosha kwa wakati wake.

Kwa bahati kuna mfuko wa kuwafidia wateja, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1941. Mawakili wote huchangia mfuko huo. Mnaona? Mawakili waaminifu hulipia makosa ya wengine. Ndiyo maana kanuni si jambo la ofisi moja peke yake.

Tunajifunza nini hapa? Kanuni mpya haimlindi mtu mpaka iwe desturi ya kila siku, na mpaka awepo mtu asiyeogopa kumwambia bwana mkubwa, "Hesabu hii hailingani."

NAWE JE?

Hata hapa kwetu wakili hana ruhusa ya kuchanganya fedha ya mteja na yake. Na malalamiko yana mahali pake. Kenya kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyowekwa mwaka 1989. Tanzania Bara kuna Kamati ya Mawakili. Uganda kuna Baraza la Sheria. Lakini vyombo hivi haviwezi kukusaidia usiposema, wala havitaona karatasi usiyoitunza.

Kwa hiyo, ukiingia katika ofisi ya wakili, uliza kwa adabu mambo manne:

1. Kazi hii itagharimu kiasi gani, na nitalipa lini? Naomba uniandikie.
2. Fedha yangu itawekwa katika akaunti gani? Naomba stakabadhi.
3. Je, ofisi hii inamtumikia mtu ninayeshindana naye?
4. Nisiporidhika, nimwone nani?

Wakili mzuri hataona vibaya kuulizwa. Ofisi iliyojiandaa ina majibu haya tayari. Kama jibu ni hasira, au "Wewe niamini tu," chukua hati zako ufikiri tena. Na kama umepewa barua usiyoielewa, usione haya. Sema, "Nisomee, unieleze." Barua ni yako, na mali ni yako.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mteja: mtu anayefanyiwa kazi na wakili.
Akaunti ya wateja: mahali pa peke yake benki, pa kuweka fedha za wateja.
Stakabadhi: karatasi ya kuonyesha kwamba fedha imepokewa.
Hati ya madai: karatasi ya kuonyesha kazi iliyofanywa na ujira unaodaiwa.
Msimamizi wa kanuni: mtu wa kuangalia kwamba kanuni zafuatwa katika ofisi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini chama kimoja hakifai kuwatetea mawakili na kuwasimamia pia?
2. Ofisi ina wateja wawili. Mmoja ana shilingi 250,000, wa pili ana shilingi 90,000. Benki yaonyesha shilingi 325,000. Ni shilingi ngapi hazipo? Mtunza hesabu afanye nini?
3. Katika chama chenu cha ushirika au cha akiba, nani hushika fedha, na nani humkagua? Je, ni mtu mmoja au watu wawili?

Zungumzeni swali la tatu kwa utulivu, bila kulaumiana. Kisha andikeni majibu yenu katika daftari, sentensi tano au sita zatosha.